Mama Ukuta na Penseli ya Dada Yake

Ukitaka kumwona Dada Masjala akibadilika sura, mtajie ukuta wa soko. Huna haja ya kumsema mtu. Sema tu "pale palipokuwa na ukuta," kama watu wa mji ule wanavyoelekezana njia, utamwona anavua miwani, anaifuta kwa upindo wa gauni, anaivaa, anaivua tena. Mgeni atadhani ni macho yanamsumbua. Macho yake mazima kabisa. Ni wivu, na mimi sitauita kwa jina la adabu eti kwa sababu mwenyewe ni mama wa miaka sitini na miwili anayeheshimika. Watu wazima nao wana roho ya kwa nini, tena yao imekomaa.

Anamwonea wivu nani? Mdogo wake. Baba mmoja, mama mmoja, kitanda kimoja mpaka walipokuwa wasichana wakubwa. Huyo mdogo ndiye mkurugenzi wa jiji, na kiti hicho amekikalia miaka ishirini na miwili. Mameya sita wamekuja na kuondoka na hotuba zao, yeye yupo tu. Mjini hawamwiti mkurugenzi, wanamwita Mama Ukuta. Dada mtu, aliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka miwili na kuajiriwa kwa mitano, yuko chini kwenye jengo hilohilo, katika chumba cha mafaili wanachokiita masjala, chenye dirisha moja linalotazama maegesho. Kila asubuhi, atake asitake, anamwona dereva akimfungulia mdogo wake mlango wa gari.

Na kinachomkata maini ni kwamba kazi yenyewe alimtafutia yeye. Dada Masjala aliingia pale akiwa na miaka kumi na tisa, akitoboa karatasi na kuzifunga kamba kwenye mafaili. Mwaka wake wa tano akapewa tangazo alibandike ubaoni: jiji linatafuta maofisa utawala wawili wa kufundishwa kazini, wawe wamemaliza sekondari na wajue kuandika barua. Alilisoma akiwa na pini mdomoni. Sekondari alikuwa amemaliza. Barua alikuwa anawaandikia hata wakubwa zake. Lakini hakujifikiria hata dakika moja. Alichukua fomu moja, akaenda nayo nyumbani, akamkalisha mdogo wake ambaye siku hizo hakuwa na kazi zaidi ya kusuka wenzake nywele, akamjazia kila kitu kwa mwandiko wake mzuri. Mdogo mtu alitia sahihi tu. Miaka mingi baadaye mume wa Dada Masjala, fundi saa, mtu wa maneno machache na yote ya kuchoma, alimwuliza kwa nini hakuchukua fomu mbili. Ile nafasi ya pili ilikaa wazi mwaka mzima kwa kukosa mwombaji.

Basi mdogo mtu akaingia, na tuseme ukweli, kazi aliiweza. Walimwanzisha kitengo cha taka, mahali ambapo wasomi wengine huandika barua ya ugonjwa siku ya pili. Yeye alipanda lori na wazoaji alfajiri, akajua kila lori linakwama wapi, akajua na nani anamwaga uchafu wake kwa jirani. Kutoka hapo akapelekwa makaburini, akalinyoosha daftari ambalo lilikuwa limewaandika marehemu wawili wawili shimo moja. Kutoka hapo masoko. Chini ya meza yake kulikuwa na viatu vya mpira, na kila Jumanne aliutembea mtaa mmoja mwanzo hadi mwisho, mhandisi yuko nyuma anahema. Akasikiliza mabomba, akahesabu taa zisizowaka, akajua majina ya wafagiaji na ya watoto wao. Alipofika miaka thelathini na minane wakampa jiji zima. Kila barua ya kumpandisha cheo ilipita masjala kupigwa muhuri wa kupokelewa, na aliyekuwa anaupiga muhuri ni dada yake. Aliupiga kwa nguvu mpaka wino ukatapakaa pembeni.

Kazini Dada Masjala alimwita mdogo wake Mkurugenzi, mbele za watu na hata wakiwa wawili tu. Mdogo mtu alimwita dada popote, hata katikati ya kikao cha madiwani. Watu walisema, mtazameni huyu mama, cheo chote kile na hajasahau heshima. Dada Masjala alisema moyoni kwamba mwenye gari na dereva hapungukiwi kitu akijishusha.

Lakini nyumbani ndiko kulikokuwa na maumivu yenyewe. Mama yao, bibi kizee wa miaka themanini na kitu, anakaa kwa Dada Masjala. Yeye ndiye anayemwogesha, anayemkata kucha, anayejua dawa ipi ni ya kabla ya chakula na ipi ni ya baada. Mkurugenzi anakuja Jumapili na mfuko wa matunda, anamshika mama mkono saa nzima, anaondoka. Sasa nenda sebuleni uone. Picha ni moja tu, kubwa, imetiwa fremu: Mkurugenzi akikata utepe. Akija mgeni, mama anamwonyesha kwanza picha, halafu anamgeukia binti aliyesimama na sinia la chai na kusema, huyu ni dada yake Mkurugenzi. Hana jina, hana kazi, ni dada yake Mkurugenzi. Dada Masjala anaweka sinia, anarudi jikoni, anaosha vikombe ambavyo vilikuwa visafi.

Nyinyi mnaweza kusema, ah, hayo ni ya kila familia, mbona anakuza mambo. Ngojeni niwaeleze habari ya penseli, maana bila hiyo hamtajua moto ulianzia wapi.

Mkurugenzi mmoja wa zamani sana, mtu wa nidhamu ya kupitiliza, aliweka desturi katika ofisi ile kwamba faili liseme kwa sauti moja. Ofisa mwenye maoni anayaandika kwa penseli. Faili linapanda juu. Mkurugenzi akiyakubali maneno anayapitishia wino kwa mkono wake, juu kwa juu, asipoyakubali anayaruka. Ijumaa mafaili yanashuka masjala, na mtunza faili anachukua raba anaifuta penseli yote, iliyokubaliwa na iliyokataliwa, unabaki wino peke yake. Kompyuta zimekuja, zimewekwa mezani, zimefunikwa vitambaa, na desturi haijaondoka. Ukifungua faili lolote la jiji lile utaapa kwamba miaka yote hiyo aliyekuwa anafikiri ni mtu mmoja. Na raba ilikuwa mkononi mwa Dada Masjala.

Ukuta wenyewe ulikuwa nyuma ya soko kuu, ulijengwa kuzuia wezi. Mwaka wa kwanza wa Mkurugenzi zikaja mvua za kukomoa watu. Siku ya tatu maji yalikuwa magotini, vikapu vinaelea, wauzaji wamepanda juu ya meza zao wanalia na nyanya zao. Wahandisi wakaandika kwa penseli kurasa tatu nzima: mtaro mpya, bomba la upana fulani, uchunguzi wa miezi minne. Faili lilifika masjala mchana ili lipande juu. Sasa Dada Masjala ndio kwanza alikuwa ametoka huko. Alikuwa amepita nyuma ya soko kwa sababu mbele hakukupitika, akaona kitu ambacho wahandisi ndani ya chumba chao hawakukiona: upande wa pili wa ukuta, kwenye uwanja mtupu unaoteremka hadi mtoni, hapakuwa na maji yaliyosimama hata kidogo. Akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya na hajalirudia. Alichukua penseli, akaandika chini ya kurasa za wahandisi kwamba maji yamezuiwa na ukuta wa nyuma, uvunjwe leo, mtaro utachimbwa baadaye. Hakuweka jina. Mtunza faili haruhusiwi kuandika ndani ya faili, kazi yake ni kulibeba.

Haikupita saa, Mkurugenzi huyo anashuka ngazi na viatu vyake vya mpira. Aliita katapila, akasimama mwenyewe mvuani akionyesha kwa kidole pa kuanzia. Ukuta ulikwenda chini, maji yakaporomoka kuelekea mtoni, na kabla ya jua kuzama wauzaji walikuwa wanasukuma tope kwa mifagio huku wanaliimba jina lake. Gazeti likamtoa ukurasa wa mbele, nywele zimelowa chapachapa, mkono juu. Tangu siku hiyo akawa Mama Ukuta.

Ijumaa faili likashuka, na hapa ndipo hata mimi ninayemsema namwonea huruma. Alikuwa na mafaili arobaini mezani. Alilifungua lile, akashika raba, akazifuta kurasa tatu za wahandisi, akaipitisha raba na kwenye mistari yake miwili ambayo sasa ilikuwa imelaliwa na wino mnene wa mdogo wake, akapuliza vumbi, akafunga kamba, akaweka kabatini. Ilikuwa kazi, na mkono ulikuwa na mazoea. Alikuwa ameshafika faili la sita baada ya hilo ndipo akili ilipomrudia. Alilirudia mbio, akaliinua dirishani kwenye mwanga, akatafuta hata mkia wa herufi yake moja. Bahati mbaya alikuwa hodari wa kufuta kuliko wote waliowahi kupita pale.

Tangu hapo alitaka kitu kimoja tu duniani. Hakutaka cheo, hakutaka gari. Alitaka mdogo wake asimame mbele za watu aseme kwamba lile wazo lilikuwa la dada yake. Mara moja inatosha, lakini watu wasikie, na mama asikie. Kuomba hakuweza. Alijiambia mwenyewe atasema, si anajua mwandiko wangu, si ndio uliomjazia fomu. Akangoja wiki, akangoja mwaka. Mameya wakaja wakausifu ukuta kwenye hotuba zao. Mama naye akausimulia kwa wageni, kila mwaka anaongeza chumvi, mpaka ikafika mahali Mkurugenzi alishika nyundo kwa mikono yake. Dada Masjala alikuwa palepale anamimina chai. Miaka ishirini na mmoja alikaa na donge hilo, na kila Jumapili mdogo wake alipomwuliza, dada, mbona umenuna, alisema ni kichwa kinamgonga.

Alistaafu akiwa na miaka sitini. Wenzake wakakaa wiki tatu hawaoni faili lolote wanalolitafuta, wakamrudisha kwa mkataba. Alitembea kifua mbele siku mbili, mpaka alipoambiwa kwamba aliyependekeza arudishwe ni Mkurugenzi.

Mwaka huu zamu ikawa ya mdogo mtu. Madiwani walikubaliana kwamba siku ya kumuaga usomwe wasifu wake, maisha yote na kazi yote, na wakaona mwandishi anayefaa ni Dada Masjala: mafaili anayajua, na aliyezaliwa naye ni yeye. Meya mwenyewe alishuka hadi masjala kumwomba. Dada Masjala alikunja uso kama anayepewa mzigo, akasema atajitahidi. Meya alipofunga mlango, Dada Masjala alicheka peke yake mpaka akakaa.

Aliuandika Jumapili, mezani nyumbani, kwa penseli kama desturi inavyotaka, maana hata wasifu lazima upande juu upitishiwe wino kabla ya kwenda kwa mpiga chapa. Mama alikuwa amelala. Mumewe alikuwa ng'ambo ya meza na kioo chake jichoni, anachokoa saa ya mtu. Mara ya kwanza penseli ilimtoka mbio, akaandika kwamba Mkurugenzi alikojoa kitandani hadi alipofika miaka tisa, na aliyelowa ni dada yake. Akafuta. Akaandika kwamba hesabu alikuwa ananakili kwa wenzake. Akafuta. Mumewe bila kuinua kichwa alimwuliza kama ule ni wasifu au ni hati ya mashtaka. Akaanza upya kwa utulivu, akaandika yote aliyoyajua: lori la taka, makaburi, matembezi ya Jumanne, shule nne zilizopata maji, stendi iliyohamishwa bila mtu kupigwa rungu. Kadiri alivyoandika ndivyo ilivyozidi kumchoma, kwa sababu yalikuwa mengi, na yalikuwa kweli. Kurasa nne zikajaa. Alipofika kwenye ukuta alinyoosha mgongo, akaandika polepole: "Wazo la kuvunja ukuta lilikuwa la dada yake, mtunza faili wa masjala, aliyeliandika kwa penseli." Aliisoma mara nyingi.

Jumatatu karatasi zikapanda. Jumatatu ile hakula, Jumanne hakulala vizuri. Jumatano bahasha ikashuka.

Alifunga mlango wa masjala kwanza. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na wino kuanzia juu hadi chini, hakuna neno lililorukwa. Wa pili hivyohivyo. Kwenye wa tatu, wino ulikuja hadi pale ukuta ulipotajwa, ukaishia kwenye nukta. Sentensi yake ikabaki na rangi yake ya kijivu kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Halafu wino ukaendelea upande wa pili wa sentensi, kama mtu aliyeruka dimbwi asichafue viatu. Ukurasa wa nne wino mtupu. Kurasa nne nzima, na kilichorukwa ni hicho kimoja tu.

Dada Masjala alikaa. Alisema kwa sauti, ingawa alikuwa peke yake, "Hata sasa. Hata anapoondoka." Aliona wazi kabisa alivyokuwa mjinga, kungoja miaka yote ile huruma ya mtu ambaye hakuwa nayo. Angeweza kupanda ghorofani akamwuliza. Ngazi ni ishirini na nne tu, anazijua kwa magoti yake. Lakini aende kumwomba Mama Ukuta? Bora afe na donge lake. Wino haukupita, basi desturi ni desturi. Alichukua raba akaisugua sentensi ile mpaka karatasi ikawa nyembamba na mwanga ukapenya.

Alizipeleka mwenyewe kurasa kwa mpiga chapa. Mpiga chapa, mama mmoja mwembamba anayependa kazi ikamilike, alimwambia kwamba Mkurugenzi amempigia simu, amesisitiza asiache neno hata moja lililomo kwenye karatasi. Dada Masjala akamwambia maneno yote hayo hapo, apige.

Ijumaa mchana ukumbi wa jiji ulijaa mpaka watu wakasimama kuegemea kuta. Wauzaji wa soko walikuja, wafagiaji walikuja na sare zao zimepigwa pasi, wahandisi waliostaafu walikuja na fimbo. Mama yao aliwekwa mstari wa mbele, na Dada Masjala akakaa karibu naye kumshikia mkoba wa dawa. Meya alisoma wasifu kwa sauti yake ya kampeni. Watu walicheka kwenye makaburi, wakapiga makofi kwenye maji ya shule. Dada Masjala alisikia sentensi zake zikimtoka mtu mwingine mdomoni, kwenda kumpamba mtu mwingine tena, akazibana kamba za mkoba vidoleni.

Meya akafika kwenye ukuta. Alisoma kwamba katika mwaka wake wa kwanza Mkurugenzi aliamuru ukuta wa soko uvunjwe, na soko likapona. Wauzaji wakasimama wakapiga vigelegele. Meya akafungua ukurasa, akaendelea na mengine. Mkurugenzi, ambaye muda wote alikuwa ametazama chini, aliinua uso haraka, akamtazama Meya, halafu akamgeukia dada yake akamkazia macho. Dada Masjala aliona macho yale akasema moyoni, unaniangalia nini, furahi tu, umeshinda. Akakaza shingo, akatazama mbele.

Ilipofika zamu yake Mkurugenzi aliongea kidogo tu. Aliwashukuru wazoaji taka waliomfundisha kazi, wafagiaji, wahandisi. Alimshukuru mama, na mama akainua mkono kama malkia. Mwisho akasema, "Na dada yangu, aliyenitunzia mafaili." Mdomo ukabaki wazi kidogo, ukumbi mzima unangoja. Halafu akakaa. Aliyenitunzia mafaili.

Watu wakatoka kwenda kunywa soda uani. Fundi saa akampeleka mama mkwe nyumbani kabla hajachoka. Soda zikaisha, magari yakaondoka, na Dada Masjala alikuwa bado ndani anaokota nakala za wasifu zilizoachwa kwenye viti, maana lazima moja ikae kwenye faili. Mkurugenzi aliingia peke yake, viatu mkononi kwa sababu vilimbana, akakaa kiti cha pili kutoka kwake.

"Dada, kwa nini umeitoa ile sentensi?"

Dada Masjala hakugeuka. "Hukuipitishia wino."

"Ningeipitishia wino ingekuwa yangu tena."

Dada Masjala alibaki ameinama, karatasi mkononi. Mdogo wake akamweleza taratibu. Alitaka sentensi ile ibaki na mwandiko wa dada, ikae kwenye faili hivyohivyo, iwe penseli ya kwanza kubaki katika jiji lile. Ndiyo maana alimpigia simu mpiga chapa, apige kila kilichomo. Alidhani dada ataelewa, nani anajua desturi ile kuliko yeye. Na Meya aliposoma bila sentensi ile, akaamini dada amebadili nia, hataki tena isemwe. Akaona si heshima kuisema kwa nguvu mbele yake.

"Na miaka ishirini na mmoja yote?" Dada Masjala aliuliza.

Mkurugenzi alikiri hana cha kujitetea. Kesho yake ya ule ukuta alishuka masjala aseme asante, akasimama mlangoni, na dada akamwuliza, Mkurugenzi, unataka faili gani. Akaogopa, akataja faili lolote. Wiki iliyofuata akaona aibu, na aibu ikakua pamoja na jina. "Nisikudanganye, dada. Nilipenda kuitwa lile jina. Kila mwaka nilisema mwakani."

Kisha akainuka, bila viatu, akasema haijachelewa, watu wasikie sasa hivi. Akafungua mlango wa uani. Uani hapakuwa na watu. Kulikuwa na dereva wake anayebeba maua kuyapeleka garini, na mfagiaji mmoja amejitwika viti vinne kichwani. Mkurugenzi akawaita wote wawili ndani, akasimama wima kama anayehutubia ukumbi uliojaa.

"Nisikilizeni. Ule ukuta wa soko, aliyewaza uvunjwe ni dada yangu huyu. Aliandika yeye. Mimi nilipitisha wino tu."

Dereva na mfagiaji walitazamana. Dereva, aliyemwendesha miaka kumi na tisa, aliyashusha maua, akatikisa kichwa, na machozi yakamlenga.

"Mkurugenzi, una roho nzuri sana," alisema. "Mwingine angenyamaza nalo."

Mfagiaji akasema ni kweli, hawatampata mwingine kama huyu, na viti vikayumba kichwani kwa jinsi alivyoitikia. Halafu wote watatu wakamtazama Dada Masjala, wakingoja naye aseme neno. Ile sentensi aliyoililia miaka yote ilikuwa imesemwa, imesikiwa na watu wawili, na sifa zake zilikuwa zimekwenda palepale zilikozoea kwenda.

"Ndiyo," alisema. "Ana roho nzuri."

Akasikia wivu mwingine unamkaba, mbaya kuliko ule wa ukuta. Safari hii hakuna aliyemchukulia kitu. Mdogo wake alikuwa mwema kweli, na ndani ya wema ule hapakuwa na neno hata moja ambalo yeye angeweza kusema ni langu.